Sabuni iletwe kabla ya ugali, si baada ya samaki

Ndugu Mhariri,

Nyumba nyingi za Watanzania hazikosi sabuni. Ipo ya mche kwa kufulia, ipo ya unga, na mara nyingi kipo kipande cha kuogea. Tatizo ni saa inayoletwa. Kabla ya kula watu wanamiminiwa maji matupu, wakishakula ndipo mtoto anaagizwa, "Hebu tuletee sabuni." Sababu ni wazi: samaki ananuka, mafuta yameganda vidoleni, na hakuna anayetaka kushika simu na mchuzi mkononi. Lakini kufikia hapo uchafu uliokuwa mkononi umeshamezwa, ulishuka na tonge la kwanza. Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tueleze namna ya kuugeuza mpangilio huu, maana matangazo mengi yanaishia kusema "nawa mikono" bila kusema vipi, saa ngapi na kwa chombo gani.

Tazama tonge la ugali linavyotengenezwa. Mkono wa kulia unamega, kiganja na vidole vinafinyanga, kisha kidole gumba kinabonyeza katikati kupata kishimo cha kuchotea mchuzi. Kwa hiyo sehemu zinazogusa chakula zaidi ni kiganja, ncha za vidole na tumbo la kidole gumba. Sasa mtazame mlaji huyo huyo anaponawa. Ananyoosha mkono mmoja chini ya birika, anasuguanisha vidole mara mbili tatu, anakung'uta, amemaliza. Mkono mmoja haujinawishi. Kidole gumba kinabaki kikavu upande mmoja, na chini ya kucha maji hayafiki kabisa.

Hoja kwamba mkono wa kulia ni safi kwa kuwa wa kushoto ndio wa kutawazia haishiki. Mikono hiyo miwili inakutana kwenye komeo la choo, kwenye mpini wa kopo, kwenye kufunga mkanda, na kopo ulilolishika kwa kulia lilishikwa kwa mkono wowote ule na aliyetangulia.

Vinavyokaa kwenye vidole hivyo vinajulikana. Kuhara damu kunakoletwa na bakteria wa shigela hakuhitaji vimelea vingi: kumi hadi mia moja tu vinatosha kumlaza mtu mzima mwenye afya. Idadi hiyo inaenea chini ya ukucha mmoja na nafasi ikabaki. Kipindupindu ni tofauti kidogo. Kwa kawaida kinataka vimelea kwa mamilioni, ndiyo maana kinapenda kusafiri kwenye maji na kwenye chakula kilicholala. Mkono uliotumbukizwa mtungini au uliopakua kiporo unakuwa daraja tu. Waliokuwepo kwenye mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 wanakumbuka ulivyosambaa mikoani. Kuna virusi vya rota vinavyoharisha watoto wadogo, kuna homa ya matumbo, kuna homa ya ini aina ya A. Mayai ya minyoo ya tumbo nayo yana utaratibu wake: yakitoka na kinyesi hayaambukizi siku hiyo hiyo, hukaa kwenye udongo wiki mbili tatu yakikomaa, kisha huingia chini ya kucha za mtoto anayechezea mchanga.

Yapo pia magonjwa ambayo watu hawayahusishi na mikono kabisa, nayo ni ya kifua. Mwenye mafua anafuta pua, anashika kitasa. Mwingine anashika kitasa hicho, anafikicha jicho. Huko Karachi, Pakistani, watafiti waligawa sabuni kwenye vitongoji vya watu wa kipato cha chini, wakawa wanazitembelea kaya kila wiki kwa mwaka mzima kuhimiza kunawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilikuwa nusu ya ile ya kaya zisizopewa sabuni, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 15 kulipungua kwa asilimia 53. Baadhi ya kaya zilipewa sabuni yenye dawa ya kuua bakteria, nyingine sabuni ya kawaida, na tofauti haikuonekana. Kwa hiyo anayeongeza hela dukani kwa sababu tu karatasi ya sabuni imeandikwa "dawa" angeweza kununua mchicha.

Kwa nini maji peke yake hayatoshi? Ngozi ina mafuta yake ya asili, na vimelea hunasa humo. Maji yakimwagwa juu ya mafuta yanateleza, kama yanavyoteleza kwenye kikaango. Chembe ya sabuni ina pande mbili: mmoja unashikana na maji, wa pili unashikana na mafuta. Ukisugua, mafuta yanakatika vipande vidogo vidogo vilivyozungukwa na sabuni, na maji yanavibeba pamoja na vimelea vilivyomo. Virusi vyenye ganda la mafuta, kama vya korona na vya mafua makali, sabuni inavipasua kabisa. Virusi vya rota na mayai ya minyoo havipasuki. Hivyo vinang'olewa kwa kusuguliwa na kuondolewa na maji yanayotiririka. Kwa hiyo kupaka sabuni bila kusugua ni kazi bure, na maji yaliyotuama kwenye beseni hayafai.

Namna ya kunawa ni hii. Lowesha mikono yote miwili hadi kifundoni. Izungushe sabuni mkononi mara tano sita mpaka povu lionekane, kisha funga maji, kwa sababu kusugua huku maji yanamwagika kunaondoa sabuni kabla haijafanya kazi. Sugua kiganja kwa kiganja. Weka kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, vidole vikipishana, halafu badilisha. Pishanisha vidole viganja vikitazamana. Kikamate kidole gumba kwa kiganja cha mkono mwingine ukizungushe kama unayefungua kifuniko cha chupa, na cha pili vivyo hivyo. Mwisho kusanya ncha za vidole uzikwaruze kwenye kiganja chenye povu, ili sabuni iingie chini ya kucha. Kusugua huko kuchukue sekunde 20, yaani kuhesabu hadi ishirini bila kukimbia. Suuza mpaka utelezi uishe. Tangu kulowesha hadi kukausha, Shirika la Afya Duniani linataja sekunde 40 hadi 60. Aliyemaliza kwa sekunde tano amelowesha mikono tu.

Maji ya moto hayaongezi kitu isipokuwa raha ya asubuhi ya baridi. Wala si lazima maji ya kunawia yachemshwe. Ya bomba au ya kisima yanatosha, yaliyochemshwa yabaki ya kunywa. Kwa wanaolalamika kwamba maji ni ya kununua, hesabu ni hii: ukimimina kwa uangalifu, robo lita inatosha kunawa mara moja. Watu sita wakinawa mara sita kila mmoja kwa siku ni lita tisa, haifiki nusu ya dumu la lita 20, na machafu yake yanamwagiliwa mgomba.

Desturi ya kunawishana hatuna ugomvi nayo. Birika lina mdomo mwembamba, maji yanatiririka, beseni chini linapokea machafu. Hilo ni bomba kamili. Ubovu unaanza birika linapoachwa jikoni na beseni likazungushwa peke yake likiwa na maji, kila mtu akatumbukiza mkono. Na heshima yetu inaongeza tatizo. Beseni linaanzia kwa babu au kwa mgeni, linapita kwa watu wazima, linaishia kwa watoto. Mwenye kinga ndogo kuliko wote ndiye ananawia uchafu wa wote, na ndiye huyo huyo anayelamba vidole.

Birika lirudi, lakini sabuni ipewe njia yake. Anayenawisha ameshika birika mkono mmoja na beseni mkono wa pili. Hana mkono wa tatu. Chupa ndogo ya maji ya sabuni itangulie mkekani, ipitishwe kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kabla birika halijafika. Kila mmoja anajimiminia kidogo kiganjani, anaanza kusugua mikono yote miwili wakati birika bado liko kwa jirani yake, na likimfikia ni kusuuza tu. Kwa mpango huo hakuna anayesubiriwa na sekunde 20 zinapatikana bila mtu kuzihesabu.

Kwenye harusi na misiba watu watano sita wanakula sinia moja, na mkono mmoja mchafu unakuwa wa sinia zima. Pipa moja lenye koki moja kwa wageni mia mbili linaleta foleni, na foleni inaleta kunawa kwa sekunde tatu. Ndoo nne za koki zilizopangwa kwenye benchi, kila moja na sabuni yake, zinasaidia kuliko pipa moja kubwa. Ndoo ya koki nayo ina kasoro: unaifungua kwa mkono mchafu, unaifunga kwa mkono safi. Dawa yake ni kuipaka koki povu lile lile la mikononi, kuimwagia maji kidogo wakati wa kusuuza, kisha kuifunga. Zile ndoo zilizowekwa kila mlango wa duka baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020 zilikuwa nzuri. Nyingi sasa zinahifadhi unga.

Jambo la watoto wachanga linahitaji kusemwa bila kuzunguka. Imeshika imani kwamba kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina madhara, eti kwa kuwa hali chakula cha watu wazima. Mtoto mdogo ndiye anayeharisha mara nyingi zaidi nyumbani, na kinyesi chake kinabeba virusi na bakteria sawa na cha mwingine yeyote, pengine kwa wingi zaidi. Anayemtawaza, awe mama, baba, bibi au dada wa kazi, mara nyingi anafuta mkono kwenye kanga na kurudi kukoroga uji. Ikiwa nyumba ina sabuni ya mara mbili tu kwa siku, itumike hapo na kabla ya kumlisha mtoto. Nyumba isiyobanwa hivyo iongeze: kutoka chooni, kabla ya kupika, kabla ya kula, baada ya kumnyonyoa na kumpasua kuku, baada ya kumhudumia mgonjwa.

Tuje kwenye nyumba za kupanga, ambako ushauri mwingi wa vitabuni unakwama. Vyumba sita, choo kimoja uani. Kila mpangaji ana sabuni yake, na kila mpangaji ameifungia chumbani, kwa sababu akiiacha nje haikai hadi jioni. Kwa hiyo anayetoka chooni anashika komeo, anashika kufuli, anashika pazia, ndipo aifikie sabuni, kama atakumbuka. Kumwambia mpangaji awe mwaminifu hakusaidii. Wenzetu wa Bangladeshi walikutana na tatizo hilo hilo kwenye nyumba za watu wengi na wakalitatua kwa maji ya sabuni: gramu 30 za sabuni ya unga katika lita moja na nusu ya maji, ndani ya chupa ya plastiki ya soda au ya maji, kifuniko kikiwa kimetobolewa kwa msumari mwembamba. Gramu 30 ni kama vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa. Tikisa polepole, usitake povu jingi ndani ya chupa. Ukiibonyeza inatoka michirizi michache, nayo inatosha mikono miwili. Hakuna anayeiba chupa ya maji ya sabuni. Ifunge kwa kamba kwenye nguzo ya choo, wapangaji wapeane zamu ya kuijaza. Kosa linalofanyika sana ni kuongeza maji kila inapopungua bila kuongeza sabuni. Baada ya siku tatu mnanawia maji yenye rangi. Imalizike kwanza, ndipo itengenezwe upya.

Pasipo bomba, kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, bado hakijapata mshindani. Tafuta dumu la lita 5 lenye mpini. Toboa tundu moja kwa msumari uliopashwa moto, upande usio na mpini, kama sentimita 12 chini ya kifuniko. Chimba mashimo mawili yenye kina cha nusu mita, yaachane kama sentimita 70, simika miti miwili yenye panda, laza fito juu yake na ulipitishe katikati ya mpini wa dumu. Kamba ifungwe shingoni mwa dumu, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Jaza maji mpaka karibu na tundu. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika; ukiachia, linarudi lenyewe. Mkono haugusi kitu isipokuwa sabuni.

Vibuyu vingi hufa ndani ya mwezi mmoja, na sababu zake hazibadiliki. Tundu lililotobolewa kwa msumari mnene linamwaga dumu zima kwa watu kumi, na kujaza kunachosha. Tundu lililo chini mno linavuja usiku kucha. Maji yakitoka kwa kwikwi, hewa haiingii. Toboa kitundu kidogo juu, karibu na mpini. Mchwa wanakula miti, kwa hiyo ipakwe oili chafu sehemu inayoingia ardhini. Pasipo kokoto chini panakuwa tope, na watu wanapakwepa. Kibuyu kilichotundikwa kwa kimo cha baba mtoto hakifikii. Halafu kuna kunguru. Mwambao mzima, na miji kadhaa ya bara, kunguru wanabeba kipande cha sabuni kama wanavyobeba kifaranga, na walichoacha panya wanakitafuna. Toboa sabuni katikati, pitisha kamba, ifunike kwa nusu ya chupa iliyokatwa na kugeuzwa chini. Maji yanachuruzika, sabuni haiyeyuki ovyo, na kunguru hapati pa kudonolea.

Mahali pa kukiweka ni hatua chache kutoka mlango wa choo, pale ambapo anayetoka hawezi kupita bila kukiona. Cha pili kikae karibu na jiko. Kibuyu kimoja kilichofichwa nyuma ya nyumba ni pambo la ukaguzi.

Kukausha watu hukudharau. Mkono uliolowa unachukua na kuacha vimelea kirahisi kuliko mkavu. Taulo moja inayoning'inia wiki nzima ikifuta mikono na nyuso za watu wote inarudisha kilichoondolewa, na katika maeneo yenye trakoma inapeleka ugonjwa wa macho kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine. Kama hakuna kitambaa safi cha kila mtu, kung'uta mikono na uiache ikaukie hewani. Jua letu linafanya kazi hiyo kwa dakika moja.

Pasipo sabuni kabisa, jivu safi la jikoni pamoja na kusugua ni afadhali kuliko maji matupu, ila lisichotwe jaani. Udongo tusiupendekeze, tumeshataja mayai ya minyoo. Vitakasa mikono vya pombe visivyopungua asilimia 60 vinafaa safarini, kwa mikono isiyo na uchafu unaoonekana. Havifai kwa mkono wenye matope au mafuta ya samaki, haviondoi mayai ya minyoo, na virusi vya noro, ambavyo navyo huharisha na kutapisha, vinavistahimili.

Ombi letu kwa halmashauri ni dogo. Wazee wanaikumbuka kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafanya watu wachimbe vyoo kwa wingi. Tangu enzi hizo ukaguzi wa kaya unaanza na choo: kipo, hakipo, kina mlango, kina kifuniko. Liongezwe swali moja, nalo lijibiwe kwa macho, si kwa mdomo: maji na sabuni viko hatua ngapi kutoka hapa? Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaihesabu kaya kuwa na huduma ya msingi ya kunawa pale tu maji na sabuni vinapokutwa vyote viwili nyumbani. Bwana afya akikuta dumu limejaa maji na kamba ya sabuni ikining'inia tupu, aandike "haipo", kama angekuta choo kisicho na shimo.

Maafisa afya watatu,
Morogoro